Sura ya 7: Kuifundisha Pua Upya

Sokoni Tenke, mtu anayenunua samaki hategemei macho peke yake. Mpiodi aliyetoka kwenye barafu asubuhi na mwenzake aliyelala siku mbili wanaweza kung'aa sawasawa mezani. Mnunuzi mzoefu humwinua, hufunua matamvua kwa kidole gumba, humsogeza puani, ndipo huuliza bei. Nyumbani pua hiyohiyo humwambia kwamba bukari imeanza kushika chini ya sufuria, kwamba munkoyo umechacha kupita kiasi, kwamba waya wa umeme unaungua nyuma ya kabati, au kwamba kuna petroli imemwagika karibu na mbabula. Hufanya kazi hizo bila kuitwa, usiku na mchana.

Kuna watu ambao kazi hiyo imekatika. Waliugua mafua makali au Covid-19, homa ikashuka, kikohozi kikaisha, nguvu zikarudi, lakini harufu haikurudi. Wako waliokaa hivyo miezi, na wako waliokaa miaka. Wengi wao hawakumweleza muuguzi yeyote, kwa sababu mtu anayetembea, anayekula na kwenda kazini huona haya kulalamikia pua. Waliothubutu kusema waliambiwa mara nyingi kwamba itapita yenyewe, au kwamba hakuna la kufanya.

Sura hii ni yao. Jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: kupoteza harufu baada ya virusi kuna tiba iliyopimwa, tiba hiyo ni mazoezi, na vifaa vyake vinaweza kupatikana katika jiko la Tenke kama vinavyopatikana katika kliniki ya Ujerumani. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mgonjwa mapema.

Magonjwa yaliyokuja na njia

Tenke imejengwa mahali reli zinapoachana. Treni inayotoka Lubumbashi na Likasi hufika hapa ikachagua: kaskazini kuelekea Kamina, au magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo kwenye mpaka wa Angola. Mei 1918 reli ya Katanga ilikuwa imeshapita hapa na kufika Bukama. Mwishoni mwa mwaka huohuo homa kuu ya mafua ilipanda kutoka kusini mwa Afrika kwa reli zilezile, ikaua watu wengi katika kambi za wachimbaji. Mji ulio njiani hupokea kila kinachosafiri, na virusi vya njia ya hewa husafiri na watu.

Karne moja baadaye ikaja korona. Kisa cha kwanza nchini Kongo kilithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, na tarehe 24 mwezi huo Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura. Katika mkoa wetu wa Lualaba, migodi kadhaa mikubwa ya shaba na kobalti iliwazuia wafanyakazi wasitoke eneo la kazi kwa wiki nyingi ili uzalishaji usisimame. Dunia nzima ilikuwa ikijifunza dalili mpya wakati huo: mtu asiye na pua iliyoziba, asiye na kamasi, anaamka asubuhi na kahawa haina harufu yoyote.

Dalili yenyewe ilikuwa ya zamani. Madaktari wa pua wamewaona wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, baada ya homa ya mafua na baada ya virusi vya mafua ya kawaida, vikiwemo jamaa wa zamani wa korona wanaoleta mafua kila mwaka. Kilichobadilika mwaka 2020 ni idadi. Mamilioni ya watu walipoteza harufu kwa wakati mmoja, na utafiti uliokuwa ukienda polepole ukapata fedha, vifaa na wagonjwa wa kuwachunguza.

Virusi hufanya nini juu ya pua

Sehemu inayonusa iko juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho. Ni kipande kidogo cha utando chenye seli za neva ambazo ncha zake, nyembamba mno, huelea kwenye ute. Chembe za harufu zikiingia na hewa hudondokea kwenye ute huo na kushikwa na vipokezi. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walitambua jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi vinavyofanya kazi. Kila seli ya neva hubeba aina moja, na kila harufu huamsha mchanganyiko wake wa seli. Kutoka hapo nyuzi za neva hupenya matundu madogo katika mfupa ulio juu ya pua na kufika kwenye kituo cha kwanza cha harufu, chini ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Mwaka 2020 kundi la Sandeep Datta wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha jambo lililowashangaza wengi. Mlango ambao virusi vya korona hutumia kuingia kwenye seli, unaoitwa ACE2, haupo kwenye neva za kunusa. Upo kwenye seli saidizi zinazozizunguka, zile zinazolisha neva na kulinda ute. Virusi hushambulia seli hizo, na neva zilizokuwa zikizitegemea hupoteza nguvu ya kufanya kazi. Kwa wengi, seli saidizi huota tena na harufu hurudi ndani ya wiki chache. Uchambuzi wa tafiti 18 zenye wagonjwa 3,699, uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2022, ulikadiria kwamba asilimia 74 hivi ya waliopoteza harufu huipata tena ndani ya siku 30, na asilimia 96 hivi ndani ya siku 180. Waliobaki na tatizo la kudumu walikadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 6.

Asilimia hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Ukiizidisha kwa watu wote walioambukizwa duniani, unapata mamilioni.

Kwa nini hawa hawaponi? Mwishoni mwa 2022 Bradley Goldstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichunguza vipande 24 vya utando wa kunusa, baadhi vikitoka kwa watu 9 waliopoteza harufu kwa muda mrefu baada ya Covid-19. Virusi havikuwepo tena. Walichokikuta ni askari wa mwili, seli za kinga, wakiendelea na vita kwenye utando huo miezi mingi baada ya adui kuondoka, na neva za kunusa zikiwa chache kuliko kawaida.

Habari njema imo ndani ya utando huohuo. Neva nyingi za mwili zikifa hazirudi, lakini neva za kunusa huzaliwa upya maisha yote kutoka kwenye seli mama zilizo chini yake. Tiba zote nitakazozieleza zinategemea uwezo huo.

Harufu zinapopotea njia

Kuzaliwa kwa neva mpya hakutoshi. Kila neva inapaswa kuotesha uzi wake, kupita kwenye mfupa na kufika mahali pake hasa ubongoni. Wakazi wa Tenke wanaijua kazi ya namna hiyo. Vita vya Angola vilivyoanza 1975 viliikata reli ya kwenda bandari ya Lobito, na miaka mingi ikapita bila shaba ya Katanga kushuka kwa njia hiyo. Mataruma yalitandikwa upya, na mwaka 2015 njia ya upande wa Angola ikafunguliwa rasmi hadi mpakani. Lakini reli kuwepo ni jambo moja, na behewa kufika linakotakiwa ni jambo jingine: kwenye njia panda, swichi ikikaa vibaya, mzigo wa Dilolo utakwenda Kamina.

Ndivyo inavyokuwa kwa wagonjwa wengi wanaoanza kupona. Nyuzi mpya hufika mahali pasipo pake, au hufika chache tu kati ya zinazohitajika kuitambua harufu fulani, na ubongo hupokea ujumbe uliochanganyika. Kahawa hunuka kama kitu kilichooza. Kitunguu cha kukaanga, yai, nyama ya kuchoma na hata dawa ya meno huleta kichefuchefu. Watafiti wa Uingereza walichambua mvuke wa kahawa chembe kwa chembe mbele ya wagonjwa wa namna hii, wakagundua kwamba chembe chache zenye salfa, ambazo kwa mtu mwenye pua nzima hutoa harufu tamu ya kukaangwa, ndizo zinazowachukiza zaidi. Wengine husikia harufu ya moshi mahali pasipo na moto.

Mgonjwa aliyefika hapo hudhani hali inazidi kuwa mbaya, naye huacha kila juhudi. Lakini mara nyingi harufu hizo zilizopotoka ni ishara kwamba neva zimeanza kuota. Muuguzi anayelijua hili anaweza kumzuia mtu asikate tamaa katika mwezi ambao tamaa inahitajika zaidi.

«Chakula haina tena butamu»

Mgonjwa wa Tenke anapofika kituo cha afya, huenda hata asitaje harufu. Atasema: «Docta, chakula haina tena butamu.» Malalamiko hayo yafaa yasikilizwe kwa makini, kwa sababu mara nyingi ulimi wake ni mzima. Ulimi hutambua utamu wa sukari, chumvi, uchachu, uchungu na ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote, yaani kile kinachotofautisha sombe na lengalenga, vinkubala na samaki, ndimu na chungwa, hutokana na harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani wakati wa kutafuna.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Weka chumvi kidogo kwenye ulimi, kisha sukari. Mtu akizitambua, ulimi unafanya kazi. Kisha mwambie afumbe macho, azibe tundu moja la pua, na umsogezee kahawa iliyosagwa, halafu sabuni ya kuogea, halafu ganda la ndimu lililokwaruzwa, tundu moja kwa zamu. Kipimo hiki hakitoi alama ya hospitali, lakini kinaonyesha kama tatizo lipo na kama liko pande zote mbili.

Hospitali kubwa za Ulaya na Marekani zina vipimo rasmi. Richard Doty wa Pennsylvania alitoa mwaka 1984 vijitabu vyenye harufu 40 za kukwaruza na kunusa, na Wajerumani wana kalamu zinazotoa harufu. Vipimo hivyo vinafaa kwa watu waliotengenezewa. Vijitabu vya Marekani vina matango ya siki na vinywaji ambavyo mkazi wa Lualaba hajawahi kuonja, na mtu hawezi kutaja harufu asiyoijua. Anayetaka kupima vizuri hapa kwetu atumie harufu za hapa.

Usipime kwa pilipili, amonia wala dawa ya kuchua yenye mentoli. Vitu hivyo huchoma, na mchomo huo hupita kwenye neva nyingine kabisa, ile ya hisia za uso. Mtu asiyesikia harufu hata moja bado atatoa machozi akinusa pilipili iliyokaangwa, na atadanganyika kwamba pua yake ni nzima.

Kwanza, chanzo kijulikane

Kabla ya kulaumu virusi, daktari huuliza maswali. Je, harufu ilikatika ghafla wakati wa mafua, au ilififia polepole kwa miaka? Je, mgonjwa aliwahi kugonga kichwa, labda kwenye ajali ya pikipiki au kwenye shimo la kuchimba? Je, pua imeziba daima, inatoa usaha, au ina vinyama vinavyoota ndani? Vinyama na uvimbe wa mianzi ya pua vina tiba zake, na harufu inaweza kurudi mara njia ya hewa inapofunguka. Kwa mtu mzee, harufu inayofifia bila sababu huweza kutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa.

Katika ukanda wa shaba kuna swali moja zaidi, nalo ni kazi. Gesi ya salfa dioksidi, mvuke wa asidi, kadimiamu na manganizi vinajulikana kudhuru utando wa pua kwa wafanyakazi wanaovipumua kwa muda mrefu. Kwa kobalti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wameonyesha kwamba wakazi wa jirani na migodi wanabeba madini mengi mwilini, hata wasiochimba wenyewe, kama ilivyoonekana katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi. Kipimo chao hakikuwa cha harufu, lakini kinatufundisha kwamba pua za Lualaba hupokea vumbi ambalo pua za Ujerumani hazilijui. Mtu anayefanya mazoezi ya kunusa asubuhi kisha anaingia bila barakoa kwenye mvuke wa asidi mchana kutwa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Mtaalamu wa masikio, pua na koo, yule anayeitwa ORL, hupatikana kwa urahisi zaidi Lubumbashi, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali ya Jason Sendwe. Ni safari ya gharama. Afaaye kuifanya bila kuchelewa ni yule ambaye upande mmoja tu wa pua haunusi, anayetokwa damu puani, aliyegonga kichwa, au ambaye harufu imefifia bila ugonjwa wowote kutangulia. Aliyepoteza harufu ghafla kwenye mafua au korona, naye hana dalili hizo, anaweza kuanza tiba leo nyumbani kwake.

Mazoezi yenyewe

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha jaribio dogo lililobadilisha tiba hii. Waliwapa wagonjwa chupa nne za kunusa mara mbili kwa siku, kwa wiki 12, na kuwalinganisha na wengine ambao hawakufanya chochote. Waliofanya mazoezi waliboreka zaidi. Harufu walizochagua zilikuwa waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi, kwa kufuata makundi aliyoyapanga Mjerumani mwingine, Hans Henning, mwaka 1916: maua, matunda, viungo na utomvu wa miti. Tafiti nyingi zilifuata, na mwaka 2021 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba mazoezi ya kunusa ndiyo tiba ya kupendekezwa kwa aliyepoteza harufu baada ya maambukizi.

Tazama orodha hiyo ukiwa Tenke. Mikaratusi imepandwa Katanga nzima. Ndimu ziko sokoni. Karafuu, zao la Unguja na Pemba, huuzwa na viungo vya pilau na chai katika maduka ya Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Waridi pekee ndilo gumu, na si la lazima: sabuni yenye manukato ya maua unayoyafahamu vizuri inaweza kushika nafasi yake.

Chukua vichupa vinne vyenye mfuniko, vya vioo ikiwezekana, vioshe kwa maji ya moto na uvikaushe mpaka visiwe na harufu ya kilichokuwemo. Katika cha kwanza weka karafuu za kijiko kimoja, uziponde kidogo ili mafuta yake yatoke. Cha pili kiwe na majani mabichi ya mkaratusi yaliyokatwakatwa. Cha tatu weka maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa kwa kisu, na cha nne vipande vya sabuni. Andika jina kwenye kila kichupa. Majani na maganda badilisha kila baada ya siku mbili au tatu, kabla hayajaota ukungu. Karafuu ponda nyingine harufu inapofifia kwa watu wengine wa nyumbani.

Asubuhi kabla ya kula, na jioni kabla ya kulala, keti mahali pasipo na moshi. Fungua kichupa kimoja, kisogeze karibu na pua, nusa taratibu kwa pumzi fupifupi kwa sekunde 20 hivi. Usivute kwa nguvu. Wakati unanusa, ikumbuke harufu hiyo ilivyokuwa: chai ya karafuu kwa bibi, ndimu ikikamuliwa juu ya samaki. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya zoezi, kwa kuwa ubongo nao unafundishwa. Pumzika nusu dakika, kisha endelea na kichupa kinachofuata. Zoezi zima halizidi dakika tano.

Hukusikia chochote wiki ya kwanza? Endelea. Hata mwezi wa kwanza? Endelea. Wiki 12 ni kiwango cha chini, na miezi sita au zaidi huleta faida kubwa zaidi. Mwaka 2015 Aytuğ Altundağ na wenzake wa Uturuki walionyesha kwamba kuendelea kwa wiki 36, huku harufu nne zikibadilishwa kila baada ya wiki 12, kulileta matokeo bora. Kwa hiyo baada ya miezi mitatu ingiza nyingine: tangawizi, ganda la chungwa, mchaichai, kahawa, vanila. Andika kila Jumapili kwenye daftari ulichosikia katika kila kichupa, hata kama ni «kitu fulani, sijui nini». Mabadiliko ni ya polepole mno kuonekana kwa siku, na daftari ndilo litakalokuonyesha umetoka wapi.

Petroli, mafuta ya taa, jiki na gundi visiwe kamwe miongoni mwa vitu vya mazoezi. Kwa anayesumbuliwa na harufu zilizopotoka, kichupa kinachomletea kichefuchefu kiwekwe kando na kijaribiwe tena baada ya wiki chache.

Sitamwahidi mtu uponyaji. Wako wanaofanya yote haya na wakapata harufu chache tu, na wako ambao wangepona hata bila mazoezi. Lakini mazoezi huongeza uwezekano wa kupona, hayana madhara, hayahitaji fedha nyingi, na tafiti zinaonyesha kwamba anayeanza katika mwaka wa kwanza hufaidika kuliko anayechelewa. Aliyechelewa naye aanze, kwa maana wako waliopata nafuu katika mwaka wa pili na wa tatu.

Dawa, na hatari ya kuingiza vitu puani

Dawa inayotafutwa zaidi dukani ni vidonge vya kotikosteroidi, prednisolone na dexamethasone, ambavyo huuzwa kwetu bila karatasi ya daktari. Kwa harufu iliyopotea baada ya virusi, ushahidi wa vidonge hivi ni dhaifu, na madhara yake yanajulikana: hupandisha sukari na shinikizo la damu, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na huwapa nafasi minyoo ya strongyloides kuenea mwili mzima. Katika mkoa wa wachimbaji, ambako kifua kikuu hakiko mbali na mtu yeyote, hatari hiyo ni kubwa mno.

Kuosha pua kwa maji yenye dawa ya budesonide pamoja na mazoezi kulileta nafuu zaidi kuliko mazoezi na maji ya chumvi peke yake katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, la mwaka 2018: asilimia 44 ya wagonjwa waliboreka, ikilinganishwa na 27. Hiyo ni kazi ya kuelekezwa na daktari. Stanford hiyohiyo imejaribu kudunga puani ute wa damu ya mgonjwa mwenyewe wenye chembe sahani, na jaribio dogo likaonyesha matumaini. Matone ya vitamini A nayo yamefanyiwa majaribio. Mtu wa Tenke asiuze mbuzi wake kufuata tiba hizi leo.

Maji ya chumvi peke yake ni salama kama yamechemshwa na kuachwa yapoe: kijiko kidogo cha chumvi kisichojaa katika nusu lita. Husafisha vumbi na ute, na kuitayarisha pua kwa zoezi. Kujifukiza kwa mvuke wa majani, jambo lililoenea sana wakati wa korona, kunaweza kulegeza kamasi, lakini hakuoteshi neva, na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza watu, hasa watoto.

Historia inatuonya pia kuhusu zinki. Mwaka 1937, ugonjwa wa kupooza kwa watoto ulipozuka Toronto, Kanada, maelfu ya watoto walipuliziwa puani maji ya zinki salfeti kwa matumaini ya kuziba njia ya virusi. Ugonjwa haukuzuilika, na baadhi ya watoto walipoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya tena dhidi ya dawa za mafua zenye zinki za kuweka puani, kwa sababu ileile. Utando wa kunusa ni mahali ambapo neva ziko wazi mbele ya hewa, na kila tunachokiingiza huzigusa moja kwa moja. Tumbaku ya kunusa, vitunguu saumu vilivyosagwa, limau la kudondoshea, mafuta ya mganga: vyote viachwe nje ya pua inayojaribu kupona.

Kuishi salama wakati wa kungoja

Miezi ya mazoezi ni miezi ya hatari za nyumbani. Chakula kilichopikwa kiandikwe siku au kiliwe siku hiyohiyo. Samaki na nyama vinunuliwe na mtu mwenye pua nzima, na jambo hilo lisemwe wazi nyumbani ili kila mmoja ajue. Petroli na dawa za wadudu zikae mbali na jiko, katika chupa zenye alama ambayo mtoto hawezi kuichanganya na maji. Mbabula iwake nje au penye hewa. Hewa ya sumu ya makala haina harufu kwa mtu yeyote, lakini moshi unaotangulia moto wa nyumba una harufu, na asiyeisikia asilale na jiko linalowaka. Kwenye chumvi pia tuwe waangalifu, kwa kuwa anayetafuta ladha iliyopotea huongeza chumvi bila kujua, na shinikizo la damu hupanda. Afadhali aongeze ndimu, pilipili, karanga zilizosagwa, kitu cha kutafunika: ulimi na neva ya hisia za uso bado humpa furaha hiyo.

Kazini, amwambie msimamizi. Barabara ya kati ya Likasi na Kolwezi hupitisha malori ya asidi kila siku, na Februari 2019 katika kijiji cha Kabwe lori la asidi ya salfuriki liligongana na basi, watu wapatao 20 wakafa. Anayefanya kazi karibu na kemikali asiitegemee pua kumwonya hata kama ni nzima. Aliyeipoteza ana haki ya kupangiwa mahali ambapo kifaa cha kupima gesi kinafanya kazi hiyo.

Na kuna huzuni. Mtu asiyesikia harufu ya mtoto wake mchanga, ya mvua ya kwanza juu ya udongo mwekundu, wala ya mwili wake mwenyewe, hujitenga. Huogopa kwamba ananuka na hakuna anayemwambia. Hukonda kwa sababu chakula hakimvuti. Familia isimcheke wala isimwambie anadeka. Mama akiketi na mwanawe asubuhi, wakanusa vichupa pamoja na mtoto akamsimulia anachosikia, zoezi linakuwa jepesi kulitimiza.

Kazi ya kituo cha afya

Hakuna kati ya haya linalohitaji mashine. Muuguzi wa kituo chochote katika zone ya afya ya Fungurume au ya Kolwezi anaweza kuongeza swali moja kwa kila mgonjwa anayepona mafua makali au korona: «Harufu imerudi?» Jibu likiwa hapana baada ya wiki mbili, amwonyeshe vichupa vinne, amfanyie zoezi la kwanza palepale, ampe tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na aliandike jambo hilo kwenye karatasi yake. Migodi yenye zahanati zake ifanye vivyo hivyo kwa wafanyakazi wake na kwa vijiji jirani. Mafua hayataacha kupita Tenke, na kila msimu wake utawaacha watu wachache bila harufu. Wakiambiwa ndani ya wiki chache wanachoweza kufanya, baadhi yao watapona ambao vinginevyo wasingepona. Na kwa kuwaambia, kituo cha afya hakitatumia hata faranga moja ya dawa.